Kutoka Lamu Mpaka Malindi kwa Eropleni: Somo la Kuhesabu Mwendo na Wakati

Watu watatu wakiulizwa umbali wa Lamu na Malindi, kila mmoja atajibu kwa kipimo chake. Nahodha wa jahazi atauliza kwanza ni majira gani, maana safari ya kaskazi si safari ya kusi. Dereva wa basi atataja kilomita za barabara. Rubani wa eropleni atataja dakika. Wote watatu wasema kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyemjibu msafiri swali lake hasa, nalo ni hili: akitoka mlangoni pake sasa, atafika lini mlangoni kule aendako?

Swali hili si mchezo wa hesabu. Mtu aliyepata habari kwamba mtoto wake amelazwa hospitali, mtu aliyeitwa na hakimu kwa saa maalumu, mfanyabiashara mwenye samaki wabichi ndani ya barafu, wote hao hufaidika au hupata hasara kwa kuhesabu vema au vibaya. Wengi hudhani kwamba eropleni, kwa kuwa yaenda mbio, humwondolea msafiri kazi ya kuhesabu. Kumbe ndiyo safari itakayo hesabu zaidi.

VIWANJA VIWILI

Mji wa Lamu uko kisiwani, na kiwanja chake cha ndege hakiko katika kisiwa hicho. Kiko ng'ambo ya mkondo wa maji, katika kisiwa cha Manda. Kwa hiyo kila msafiri wa eropleni atokaye mjini Lamu huanza safari yake kwa mashua. Kiwanja cha Malindi kiko bara, mwendo wa kilomita 3 hivi kutoka mjini, na motokaa hufika mpaka mlangoni. Viwanja vyote viwili viko karibu na usawa wa bahari.

Barabara kati ya miji hii haifuati mstari ulionyoka. Katikati uko mto Tana na nchi yake ya mabwawa, na mbele yake Ghuba ya Ungwana imeingia ndani ya nchi. Gari litokalo Malindi hulazimika kupanda mpaka Garsen ili kuuvuka mto, ndipo ligeuke kupita Witu mpaka Mokowe, na hapo msafiri hushuka na kupanda chombo cha kumvusha mpaka Lamu. Mwendo wa barabara ni kilomita 220 hivi. Kwa miaka mingi sehemu ya Garsen mpaka Mokowe ilikuwa ya udongo. Katika miaka ya karibuni imetiwa lami. Lakini lami haizuii mto kufurika. Katika mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 maji yaliikata barabara hiyo, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Tena, tangu mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014, ukaguzi wa askari njiani umekuwa sehemu ya safari.

KUPIMA MSTARI ULIONYOKA

Eropleni haina haja ya daraja la Garsen. Hupita juu ya Ghuba ya Ungwana. Mwendo wake waweza kupimwa na mwanafunzi yeyote mwenye ramani nzuri, penseli na karatasi.

Kwenye ramani, kiwanja cha Manda kiko latitudo ya digrii 2 na dakika 15 kusini, na longitudo ya digrii 40 na dakika 55 mashariki. Kiwanja cha Malindi kiko digrii 3 na dakika 14 kusini, na digrii 40 na dakika 6 mashariki. Msomaji aangalie kwamba dakika hizi si dakika za saa. Ni sehemu za digrii, na kila digrii moja ina dakika 60.

Tofauti ya latitudo ni dakika 59. Tofauti ya longitudo ni dakika 49. Nayo faida ya kuhesabu kwa dakika ni hii: dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia ni sawa na maili moja ya baharini. Dakika ya longitudo hupungua kadiri mtu anavyokwenda mbali na ikweta, lakini Lamu na Malindi ziko karibu sana na ikweta, hata upungufu huo hauonekani katika hesabu ndogo kama hii. Basi, kiwanja kimoja kiko maili 59 kusini ya kingine, na maili 49 magharibi yake.

Waliosoma kanuni ya Pythagoras wajua la kufanya. Mara 59 kwa 59 ni 3,481. Mara 49 kwa 49 ni 2,401. Jumla ni 5,882. Sasa itafutwe namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake italeta 5,882. Mara 76 kwa 76 ni 5,776. Mara 77 kwa 77 ni 5,929. Jibu basi liko kati ya 76 na 77. Kwa kuwa ramani ilisomwa kwa dakika nzima tu, yatosha kusema maili 76 za baharini.

MAILI YA BAHARINI NA NOTI

Maili ya baharini si maili ya nchi kavu. Ni mita 1,852, na kipimo hicho kilikubaliwa na mataifa katika mkutano wa mwaka 1929. Maili 76 za baharini ni kilomita 140 hivi, au maili 87 na nusu za nchi kavu. Barabara, kama ilivyosemwa, ni kilomita 220. Eropleni imeokoa kilomita 80 kabla hata injini yake haijaonyesha mbio zake.

Mbio za eropleni, kama mbio za meli, hupimwa kwa noti. Noti moja ni mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa moja. Jina hilo latokana na mafundo. Mabaharia wa Ulaya wa zamani walitupa majini kibao kilichofungwa kwenye kamba ndefu yenye mafundo, wakahesabu ni mafundo mangapi yaliyopita mkononi wakati mchanga ukishuka katika chupa ya saa. Hivyo rubani wa leo, aliye juu ya mawingu, bado atumia kipimo cha mtu wa tanga. Mwenyeji wa pwani hana sababu ya kukiona kuwa kigeni.

KUTOKA MWENDO KUPATA WAKATI

Kanuni ni moja: mwendo ugawanywe kwa mbio. Eropleni iendayo noti 150 hupita maili 150 kwa saa moja. Maili 76 ni kama nusu ya hizo. Basi hutumia nusu saa.

Eropleni zilizoanzisha kazi ya shirika la East African Airways mwezi wa Januari 1946 zilikuwa sita za namna ya Rapide, zenye injini mbili, mabawa ya ghorofa mbili na mwili wa mbao. Mbio zake za kawaida zilikuwa noti 115 hivi. Eropleni kama hiyo ingetumia karibu dakika 40 kutoka Manda mpaka Malindi. Eropleni ya leo ya namna ya Dash 8 yaweza kwenda noti 270, na mwendo ule ule huumaliza kwa dakika 17.

Msomaji apime mwenyewe jambo hili. Mbio zimezidi mara mbili na zaidi, na ufundi umeendelea kwa miaka mingi. Lakini faida ya msafiri katika njia fupi kama hii ni dakika 23 tu. Mtu huweza kuzipoteza dakika 23 kwa kungoja mashua gatini.

UPEPO HUTWAA KULIKO UNAVYORUDISHA

Noti 150 ni mbio za eropleni ndani ya hewa. Lakini hewa yenyewe hutembea, na hiyo ndiyo habari ambayo nahodha wa jahazi aliijua kabla ya rubani. Njia ya kutoka Lamu kwenda Malindi yaelekea kusini-magharibi. Wakati wa kaskazi upepo husukuma kutoka nyuma. Wakati wa kusi huja usoni au ubavuni.

Tuseme upepo ni noti 20 kutoka nyuma. Eropleni ya noti 150 sasa yapita juu ya nchi kwa noti 170, na safari ni dakika 27. Ikirudi Lamu siku ile ile, upepo u usoni. Mbio zake ni noti 130, na safari ni dakika 35. Jumla ni dakika 62, na siku isiyo na upepo ingekuwa dakika 61. Upepo ukizidi, hasara huzidi pia. Ukiwa noti 50, kwenda ni dakika 23 na kurudi ni dakika 46, na jumla ni dakika 69 hivi.

Wengi hudhani upepo hurudisha jioni kile ulichokitwaa asubuhi. Sivyo. Eropleni hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisaidia. Kwa hiyo hasara daima hupita faida. Ndiyo sababu rubani hapimi mafuta ya safari tu. Huchukua mafuta ya kufika, na ya kwenda kiwanja kingine kama kile cha kwanza hakifikiki, na akiba juu ya hayo. Mwenye busara huweka akiba ya wakati vivyo hivyo.

KWA NINI RATIBA HAISEMI DAKIKA THELATHINI

Msafiri akisoma ratiba ataona safari ya nusu saa imeandikwa dakika 40 au zaidi. Hakuna udanganyifu hapo. Makampuni huhesabu tangu eropleni inapoondoka mahali iliposimama mpaka inaposimama tena mwisho wa safari. Ndani ya muda huo mna kutembea mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja ruhusa, kupanda juu ambako mbio bado ni ndogo, kuzunguka ili kutua kwa kuelekea upepo, na kutembea tena mpaka mahali pa kushuka. Katika safari ndefu, dakika hizi kumi ni kitu kidogo. Katika safari fupi ni robo ya muda wote.

SAA YA TIKITI NA SAA YA KISWAHILI

Hapa ndipo wengi wamepotelewa na nauli zao. Tikiti huandikwa kwa saa za Kizungu, tena kwa hesabu ya saa 24. Mtu akiona 10.40 akadhani ni saa kumi na dakika arobaini ya jioni, atafika kiwanjani saa sita nzima baada ya eropleni kuondoka.

Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi. Kuanzia 07 mpaka 18, toa 6. Hivyo 10.40 ni saa nne na dakika arobaini asubuhi, na 16.30 ni saa kumi na nusu jioni. Kuanzia 19 mpaka 24, toa 18, hivyo 20.00 ni saa mbili usiku. Kuanzia 01 mpaka 06, ongeza 6, hivyo 05.00 ni saa kumi na moja alfajiri. Asiyejua kusoma tikiti na amwombe mtoto wa shule amsomee siku ile ile aliyoinunua, asingoje asubuhi ya safari.

MFANO WA MAMA WA LAMU

Sasa hesabu zote ziwekwe pamoja. Ichukuliwe kwamba mama mmoja wa Lamu ana mtoto mgonjwa hospitali Malindi, na kwamba ipo eropleni ya 10.40. Saa hizi ni za mfano tu. Za kweli huulizwa katika ofisi ya kampuni.

Mama hutoka nyumbani saa tatu na dakika kumi. Kutembea mpaka gatini, kungoja mashua na kuvuka mpaka Manda ni dakika 30. Kiwanjani hutakiwa kufika saa moja kabla, ili mizigo ipimwe na jina lake lipatikane kwenye orodha. Eropleni yaondoka saa nne na dakika arobaini, na kwa hesabu ya ratiba hufika baada ya dakika 40, yaani saa tano na dakika ishirini. Kupokea mzigo na kwenda kwa gari mpaka hospitali ni dakika 30. Atamwona mwanawe saa sita kasoro dakika kumi. Safari yote ni saa mbili na dakika 40, na ndani yake muda wa kuwa angani ni nusu saa tu. Sehemu zaidi ya nne katika tano za safari yake ya eropleni amezipitisha chini.

Jirani yake amekwenda kwa basi. Ametoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, akavuka mpaka Mokowe, na basi likaondoka saa moja asubuhi. Kilomita 220 kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa ni saa tatu na dakika 40. Kusimama na kukaguliwa njiani kuhesabiwe dakika 45, na kutoka kituoni mpaka hospitali dakika 20. Atafika saa sita kasoro robo. Safari yake ni ya saa tano na nusu, mara mbili ya safari ya mama. Hata hivyo amefika dakika tano kabla yake, na kwa nauli ndogo.

Je, mama amekosea? Hilo lategemea saa aliyopata habari. Kama aliipata jana jioni, na njia ni kavu, basi lingalimfaa zaidi. Kama aliipata saa mbili asubuhi, basi limekwisha kwenda, na eropleni ndiyo peke yake itakayomfikisha mchana ule. Na kama mto umefurika, hesabu ya basi haipo tena. Chombo cha upesi ni kile kitakachomfikisha mtu kwanza kutoka saa ile anayoweza kuanza safari, wala si lazima kiwe chenye mbio nyingi.

KAMA HAKUNA ELIYO MOJA KWA MOJA

Ratiba za eropleni hubadilika, na si kila siku ipo iendayo moja kwa moja kati ya viwanja vidogo. Msafiri huweza kuambiwa apite Nairobi. Kabla ya kukubali, ahesabu. Kutoka Manda mpaka Nairobi ni maili 246 za baharini hivi, na kutoka Nairobi mpaka Malindi ni 222 hivi. Jumla ni 468, yaani zaidi ya mara sita ya zile 76, tena kuna kungoja katikati. Kwa mtu wa Lamu aendaye Malindi, njia hiyo kwa kawaida humchelewesha kuliko basi, na nauli yake ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo anunuaye tikiti yafaa aulize maswali manne: Je, eropleni hii yaenda moja kwa moja? Yaondoka saa ngapi kwa saa ya Kiswahili? Natakiwa niwe kiwanjani saa ngapi? Mzigo unaoruhusiwa ni kilo ngapi? Asiulize tu ni dakika ngapi angani, maana hizo ndizo dakika asizoweza kuzipunguza. Zile za chini ziko mikononi mwake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tikiti imeandikwa 07.15. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?
2. Eropleni yaenda noti 120 pasipo upepo. Itatumia dakika ngapi kwa maili 76?
3. Eropleni ya noti 162 yapigwa na upepo wa noti 10 usoni. Itatumia dakika ngapi kwa maili zile zile?
4. Mtu wa Lamu ameitwa hospitali Malindi afike kabla ya saa tano asubuhi. Kwa saa za mfano uliotolewa juu, apande basi la asubuhi ile au eropleni?

Majibu: (1) Saa moja na robo asubuhi. (2) Dakika 38. (3) Dakika 30, kwa kuwa mbio zake juu ya nchi ni noti 152. (4) Asipande hata kimoja cha asubuhi ile, maana vyote viwili vitachelewa. Asafiri siku iliyotangulia, akalale Malindi.